Nimechongesha mlango Bagamoyo, maoni yangu kwa wote mnaouliza bei

Tangu niweke picha ya mlango status watu hawaniachi, umeupata wapi, shilingi ngapi, hiyo si Zanzibar hiyo, kwahiyo naandika mara moja alafu atakayeuliza tena namtumia hii. Sio Zanzibar. Ni Bagamoyo, Mji Mkongwe, kwenye karakana ya mzee mmoja anayechonga na vijana wake chini ya mabati nyuma ya nyumba, ufukwe uko pale pale. Jina lake silitaji kwa sababu kuna mazuri nitayasema na kuna mengine sio mazuri na mzee namheshimu, ila wachonga milango mji ule hawajifichi, uliza tu utapelekwa.

Mlango wenyewe ni dabo, mninga, fremu imechongwa pande zote tatu, mfaa katikati pale mbao mbili zinapokutana, na misumari ya shaba. Uko kwenye nyumba yetu Kerege. Mzee nampa nyota nne kati ya tano na hiyo moja niliyoikata nitaieleza huko mbele.

Kilichonifanya nimwamini ni jinsi alivyonipokea. Nilienda na picha zangu za Pinterest nimezipanga vizuri kwenye simu, nikamwamkia, nikakaribishwa kigoda, nikaonyesha. Akazitazama moja moja kwa adabu, hakudharau hata moja, alafu akanirudishia simu, "Mwanangu, picha nzuri, lakini picha haina kina. Inuka tukatembee." Kazi kawaachia vijana, tukatoka na kandambili zetu.

Sasa sikilizeni, kama unataka mlango wa kuchonga, uchonge kwa huyu au kwa mwingine au hata Keko kule Dar kwenye mashine ya kompyuta, kabla hujaongea bei na mtu yeyote nenda Mtaa wa India utembee na mtu anayejua mbao. Mabasi ya shule yanaleta watoto magofu ya Kaole, misheni, Caravan Serai walipokuwa wanafikia watu wa misafara, wanaonyeshwa mnara alipolazwa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kupelekwa kwao, wanakula chipsi wanarudi Dar, na milango wanaipita hivi hivi. Watu wazima nao ni hivyo hivyo, mlango ni wa kusimama mbele yake upigwe picha, basi.

Mzee hakuanza na historia. Alinisimamisha mbele ya nyumba iliyokwisha kabisa, paa halipo, ukuta wa matumbawe na chokaa mvua imeula mpaka boriti za mikoko zimetoka nje, lakini fremu ya mlango bado imesimama na nakshi zake. Akaniambia weka kidole hapo kwenye ua. Kidole kikazama. Yaani lile ua halijachorwa juu ya ubao, limechimbwa pembeni na kwa chini yake pia, fundi kaondoa mbao yote iliyolizunguka mpaka ua limebaki limeinuka lenyewe, na ukipapasa huko ndani unasikia alama za patasi, hakuna msasa uliopita pale. "Hicho ndo kina. Hicho ndo unachonilipa, sio maua. Maua hata mtoto anachora." Hapo nikamuelewa.

Na kwa sababu ya hicho kina, saa ya kwenda ni muhimu. Saa sita mchana jua likiwa utosini milango yote inaonekana mibao myeusi tu yenye vumbi. Nenda asubuhi au kuanzia saa kumi jioni jua likishalala, kivuli kinaingia kwenye yale mashimo na unaanza kuona shina linapanda kutoka chini ya mwimo, ile nguzo ya pembeni ya fremu, linajikunja, linatoa majani, linafika kwenye kizingiti cha juu linakutana na la upande wa pili. Ule mlango wa iliyokuwa posta ya zamani pale mtaani tulikaa nao sana, watu wanapita na baiskeli wanatuangalia kama tumepotea.

Alinifundisha pia kusoma fremu kuanzia chini, maana wengi tunaangalia juu kwanza. Chini ya mwimo ndo kuna mwanzo wa hadithi, pengine samaki, pengine mistari ya mawimbi, alafu ndo shina linaota. Pembeni kabisa kuna ukanda mwembamba wa mnyororo unaozunguka fremu nzima. Katikati ya mbao mbili ni mfaa, ule mhimili uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ukaziba pale mbao zinapokutana, na fundi mzuri anajulikana hapo, kwenye mfaa, kwa sababu ndo kitu mgeni anakiangalia wakati anapiga hodi anasubiri kufunguliwa. Na milango mingi ya zamani haina bawaba kabisa! Ubao umeachiwa kama kidole juu na chini, kinaingia kwenye tundu la kizingiti, mlango unazunguka wenyewe kwa uzito wake. Sikuwahi kulijua hilo.

Kuhusu maana ya nakshi. Tukiwa pale likapita kundi la watalii na kijana anawaeleza, samaki ni uzazi, mtende ni neema, mnyororo ni ishara kwamba hapa aliishi mfanyabiashara wa watumwa, misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo wasisukume mlango. Wazungu wanaandika. Mimi sina ugomvi na yule kijana, anatafuta riziki na anaongea vizuri, lakini hilo la mnyororo siliafiki, mnyororo upo kwenye milango ya kila aina ya mtu na hata wangu wa juzi unao, sasa na mimi nimeuza nani? Na tembo, jamani. Tembo wa Bagamoyo walifika pembe tu, tena kichwani mwa wapagazi kutoka Tabora na Ujiji. Hayo ya misumari na tembo ni hadithi za India zimesafiri na misumari yenyewe, huku kwetu imebaki pambo. Nilimuuliza mzee samaki maana yake nini akasema, "Maana yake fundi alijua kuchonga samaki." Nikacheka mpaka nikakaa barazani.

Ila usije ukadhani hajui. Anajua sana, ila anajua kwa upande wa kazi. Alinionyesha mlango wa kizingiti kilichonyooka akasema huu ni mtindo wa Kiarabu, ule wenye tao juu na maua mengi yaliyofumana ni mambo yaliyoletwa na mafundi na matajiri wa Kihindi, wakati wa Sultani Sayyid Barghash kule Unguja, yaani miaka ya 1870 na 1880, tao likawa ndo fasheni na huku pwani ya bara ikafuata. Ile yenye mbao za vyumba vyumba vya mraba na misumari ni ya Kigujarati. Na Bagamoyo Wahindi walikuwa ndo wenye fedha, wanawakopesha wenye misafara bidhaa, pembe na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, zikirudi wanakata chao. Sewa Haji alikuwa mmoja wao, alijenga jengo la shule pale mjini na kuwakabidhi Wajerumani 1896 kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome, na ndo huyo huyo wa jengo la Sewahaji pale Muhimbili mnapoendaga kuona wagonjwa.

Alafu pesa ikahama. Wajerumani walihamishia makao Dar 1891, reli nayo ikaanzia Dar, nani tena atembee kwa miguu toka Tabora mpaka Bagamoyo. Matajiri wakafunga maduka. Nadhani ndo sababu milango imebaki, hakukuwa na mtu mwenye hela ya kubomoa ajenge gorofa, na ndo sababu hiyo hiyo inaoza, hakuna mwenye hela ya kuitunza. Miimo inaanza kuoza chini, pale maji ya mvua yanaporuka kutoka barabarani, juu iko nzima kabisa. Mingine imepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, ya bluu, ya kijani, ya kahawia, mpaka nakshi zimezibwa unaona vinundu tu. Inaniuma zaidi ya kuoza.

Basi turudi karakanani, bei. Aliniambia milioni tatu na laki nane kwa mninga, ikiwa na misumari na kufunga, usafiri juu yangu. Nikaomba, nikaomba tena, tukaishia tatu na nusu, nusu mkononi ndo anunue mbao. Mkongo ungekuwa zaidi na mzito mno, mvule ndo kabisa sikuuliza mara ya pili. Kuna mtu alinishauri mtiki, wa mashamba kama Longuza kule Muheza, mzee akasema mtiki mzuri ukiwa umekomaa, ila unaouzwa mwingi ni miti michanga ina weupe mwingi pembeni na ule weupe ndo chakula cha mchwa. Mninga moyo wake mchwa hawaupendi na patasi inauingia vizuri bila kumeguka. Ukinunua mbao mwenyewe dai risiti na karatasi za TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, usije ukasimamishwa njiani na mzigo ukabaki kizuizini.

Mnaosema ghali, sikatai. Mlango wa mashine unapata kwa chini ya hapo sana na kwa mbali unapendeza. Nimewahi kuuona mmoja kwa shemeji yangu Goba, maua yako sawasawa yote, kushoto na kulia hakuna tofauti hata ya unywele, na yamelala bapa, ukiuangalia kwa pembeni ni kama kitambaa cha meza kilichobandikwa. Wa kwangu maua ya kushoto yamenenepa kidogo kuliko ya kulia kwa sababu kushoto kachonga mzee na kulia kachonga kijana wake, na ukishaambiwa huwezi kuacha kuona. Mimi napenda. Mume wangu anasema ni kasoro. Tumekubaliana kutokukubaliana.

Kuangalia kazi yenyewe ni burudani, naomba muende hata kama hamnunui. Anachora kwa penseli moja kwa moja kwenye ubao, hana karatasi ya kunakilia isipokuwa ya yale maua makubwa ya kizingitini. Kijana anaanza kuchimba chini kwa patasi pana, ile kazi ya kuchosha, alafu mzee anakuja na patasi nyembamba za mviringo anazipanga kwenye gunia kwa mpangilio anaoujua yeye, hanyanyui macho, mkono unachukua tu. Mmoja wa vijana kapita Chuo cha Sanaa, TaSUBa, anachora vizuri kuliko wote pale lakini mzee anamwambia kila saa chimba, acha kuremba. Mfaa kauchonga mzee peke yake mwanzo mwisho. Huo mfaa, wallahi, ningelipa hela yote kwa ajili ya huo tu.

Sasa nyota iliyokatwa.

Kwanza muda. Ahadi ilikuwa kabla ya mfungo. Ramadhani ikaingia, nikaambiwa vijana wamefunga, kazi nzito hawawezi, mpaka baada ya Idi, nikaelewa, nani asielewe. Idi ikapita. Nikadhani wanamaanisha baada ya Idi ile, kumbe ni baada ya Idi ya kuchinja, na yenyewe ikapita. Simu anapokea kila mara, hajawahi kunizimia, na kila mara anasema "inshallah wiki hii mwanangu" kwa sauti nzuri mpaka unaona aibu kugomba. Kibaya zaidi, mimi niliomba katikati ya kizingiti achonge mwaka wa Hijria kama baadhi ya milango ya zamani inavyokuwa na mwaka au aya, akachonga 1446, kwa namba za Kiarabu, pamependeza sana. Mlango umekuja kufungwa Muharram imeshaingia, mwezi wa kwanza wa 1447. Yaani siku unafungwa tayari ulikuwa wa mwaka jana. Akasema "basi tuseme umezaliwa 1446, 47 umeanza kutembea," nikakosa hata la kujibu. (Mkikuta miaka hiyo kwenye milango ya kale, 1300 Hijria imeanza Novemba 1882, kwahiyo mlango wa 1305 ni wa 1887 au 88, wakati Wajerumani ndo wanaingia na pwani nzima inataka kuwaka moto.)

Pili, na hii ndo kubwa, mbao ya upande mmoja haikuwa imekauka sawasawa. Mlango umefungwa vizuri, umebana, tukafurahi, jua la Kerege likaupiga wiki chache ubao ukanywea, ukawaka mstari wa mwanga pembeni ya mfaa unaona mpaka sebuleni. Nilipiga picha nikamtumia kijana wake wasapu, mzee mwenyewe hana. Walikuja, sikulipa kazi, nililipa nauli na chakula tu, wakashusha ubao, wakaongeza kipande kwa ndani, wakaurudisha, sasa hivi hakuna mwanga. Sifa yake hiyo, alirudi. Ila mtu anayejua kina cha nakshi namna ile alitakiwa ajue na ukavu wa mbao kabla ya kuigusa, na kama aliharakishwa na mtu, mtu huyo sio mimi, si yeye mwenyewe alikaa na kazi mpaka Idi ya pili? Muulizeni mapema mbao imekatwa lini na ilihifadhiwa wapi, na kama jibu halieleweki mwambieni mko tayari kusubiri ikauke, mtasubiri tu hata hivyo.

Misumari ya shaba nayo niseme. Mzee alinishauri nisiweke, alisema fremu yangu ni ya kizingiti cha kunyooka na misumari ni ya mlango wa Kihindi, ukichanganya hivi unapata mlango wa hoteli. Mimi nikang'ang'ania. Inang'aa, wageni wanaisifu kuliko nakshi, na hewa ya chumvi imeshaanza kuipa ukijani kwahiyo kuna mtu inabidi aisugue kwa limau na majivu na huyo mtu ni mimi.

Utunzaji aliosema ni rahisi, usipake vanishi ya kung'aa kwa mlango wa nje, jua linaibabua inamenyeka kama ngozi ya nyoka na kuitoa ndani ya nakshi ni adhabu. Paka mafuta ya linsidi kwa kitambaa, kidogo kidogo, mbao ikishiba futa, rudia kabla na baada ya masika. Vumbi toa kwa brashi ya rangi iliyo kavu, sio kwa maji. Oili chafu ya gari msithubutu, najua wengi wanapaka kwa ajili ya mchwa, inaziba kila kitu inakuwa nyeusi na inanuka miaka.

Kuna jambo lingine, mkizunguka kule mnaweza kufuatwa na mtu anasema ana mlango wa kale wa nyumba iliyoanguka anauza kwa bei nzuri. Usiingie huko. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeitaja milango na fremu za kuchonga za kabla ya 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa, sio vya kununua kienyeji ukapakia kwenye Fuso usiku. Na hata bila sheria, nyumba iliyonyang'anywa mlango kwenye mji ule mimi nimeiona, limebaki tundu limezibwa kwa bati. Chonga mpya, hao mafundi nao wale.

Wapenzi wa roshani za mbao na zile kingo za paa zilizokatwa urembo, Bagamoyo zipo lakini chache na zimechoka, mimi ningewaambia muende Tanga mjini kwenye majumba ya zamani ya Wahindi mkaangalie huko kwanza. Bagamoyo ni milango na mabaraza. Kutoka Dar ni kama kilomita sabini, barabara nzuri, gari acheni pale Caravan Serai mlipe kiingilio chao mpate na maelezo, alafu mingine ni miguu. Barazani kuna wazee, amkieni kabla ya kutoa simu kupiga picha mlango wa mtu, mle ndani watu wanaishi wanapika.

Nimeshaagiza mwingine, mdogo, wa chumba cha mama mkwe, mkongo safari hii na mbao nimeinunua mwenyewe nimeiweka darini kwangu inakauka. Misumari hamna. Mwaka pia nimemwambia mzee aache nafasi tu pale kizingitini, tutaujaza siku mlango utakapofika.